Kupanda Yr Wyddfa: Hesabu za Upepo na Saa ya Kurudi



Ndugu wasomaji, Mhariri wa jarida letu ameniomba nieleze, kabla ya fomu kugawanywa, jinsi tunavyoipanga mwaka huu safari ya vijana ya kupanda mlima wa Yr Wyddfa, ule ambao Waingereza huuita Snowdon. Ombi lake lina sababu. Safari ya Juni 2025 ilirudi bila ya kufika kileleni, na tangu siku hiyo maneno yamekuwa mengi, ukumbini na kwenye simu, na mengine yamenifikia yakiwa yamekwisha kutiwa chumvi. Sina nia ya kujibizana na mtu. Nimefundisha jiografia kwa miaka thelathini na mmoja, kwanza Tanga na baadaye hapa Uingereza, na katika muda huo nimeona kwamba mzazi akionyeshwa hesabu huridhika upesi kuliko akiambiwa atuamini tu.

Tuanze na mlima wenyewe. Urefu wake ni mita 1,085 kutoka usawa wa bahari. Ndio mrefu kuliko yote katika Wales, wala England haina wa kuushinda. Inayoushinda iko Scotland. Tarakimu hiyo ndiyo iletayo dharau. Mtu aliyetoka katika nchi yenye Kilimanjaro, mita 5,895, akisikia elfu moja na themanini na tano hucheka. Shemeji yangu mmoja alinikumbusha kwamba hata Lushoto, mji wenye soko na shule na watu wanaolima kabichi, uko juu kuliko kilele hicho tunachokiandikia makala. Ni kweli kabisa. Lushoto iko karibu mita 1,400. Lakini Lushoto iko nyuzi tano tu kusini ya Ikweta, na Yr Wyddfa iko nyuzi 53 kaskazini. Usambara ina misitu na mabonde ya kujisitiri. Kule Wales, nusu ya juu ya njia haina mti hata mmoja wa kuegemea. Bahari iko upande wa magharibi, haipati kilomita 20, na upepo wa Atlantiki unapofika hapo bado una nguvu zake zote. Isitoshe, hewa inayolazimishwa kupanda mgongo wa mlima na kupenya katika mapengo yake huongeza mwendo, kama maji ya mto yanavyokwenda mbio mahali palipobana. Ndiyo maana mtu anaweza kuvaa fulana mjini Llanberis na saa tatu baadaye asiweze kufunga kifungo kwa sababu vidole vimekufa ganzi.

Hesabu yake ni nyepesi, na nimewafanyisha vijana wenyewe. Kila ukipanda mita elfu moja, joto hupungua kwa wastani wa nyuzi sita na nusu. Llanberis ikiwa nyuzi 14, kileleni zitakuwa kama 8. Upepo wa kilomita 50 kwa saa, sawa na maili 31, huifanya ngozi ya uso ihisi kama nyuzi 3. Hapo hatujaitia mvua. Mtu aliyelowa, aliyechoka, ambaye hakula vizuri, huanza kupoteza joto la mwili bila ya kujua. Hutetemeka, kisha hujikwaa, kisha husema maneno yasiyoshikamana, na kibaya zaidi ni kwamba wakati huo yeye mwenyewe huona hana tatizo lolote. Hayo hutokea hata Juni.

Sisi watu wa pwani, ukinipa ruhusa kusema hivyo hata kwa wale waliozaliwa Birmingham, hatukutakiwa tufundishwe heshima ya upepo. Babu zetu walikuwa na majina ya pepo kama walivyokuwa na majina ya watoto wao. Walijua kaskazi inakuja lini na kusi inashika lini, na kusi ilipokuwa kali vyombo vya safari ndefu vilipandishwa pwani vikapakwa sifa na kungojea. Hakuna aliyemwita nahodha mwoga kwa kukaa na jahazi lake bandarini. Nilipowaeleza vijana hayo, kijana mmoja aliniuliza kama Wazungu nao walikuwa na elimu hiyo. Nikamwambia kwamba mizani ya upepo inayotumika hadi leo katika utabiri wa bahari ilitungwa mwaka 1805 na afisa wa jeshi la majini, Francis Beaufort, na kwamba katika siku zake za mwanzo nguvu za upepo zilipimwa kwa kuangalia meli inaweza kubeba matanga mangapi. Katika mizani hiyo daraja la nane ni maili 39 hadi 46 kwa saa. Hapo vijiti vya miti huvunjika na mtu mzima hutembea kwa taabu. Tena, upepo ukiongezeka mara mbili nguvu yake ya kusukuma haiongezeki mara mbili bali mara nne. Wa maili 40 si ndugu wa maili 20.

Basi, Juni 2025. Utabiri wa milima wa Met Office, ambao tuliusoma jioni iliyotangulia na tena alfajiri kabla ya basi kuondoka, ulisema upepo wa maili 30 kwa saa kileleni, na baada ya adhuhuri mivumo ya ghafla yenye nguvu zaidi. Tulikubaliana ndani ya basi, vijana na wazee, kwamba kipimo chetu ni maili 40: tukizipata, tunarudi, popote tulipo. Tulikuwa na kipima upepo kidogo cha mkononi, chenye pangaboi mfano wa kidole gumba, na binti mmoja wa miaka 14 alipewa kazi ya kukishika na kuandika katika daftari saa, mahali, upepo na idadi ya watu. Njia ya Llanberis kwa sehemu kubwa inafuatana na reli ya zamani ya mlima huo, iliyofunguliwa mwaka 1896, na karibu na kituo cha Clogwyn, kwenye mita 780 hivi, inapita chini ya daraja la reli. Chini ya daraja kulikuwa kimya, watu wanacheka na kula tende. Hatua chache upande wa pili mtu hakumsikia mwenzake aliyemshika mkono. Kijana mmoja mwembamba alisogezwa hatua mbili pembeni kabla ya kaka yake kumkamata shanta. Binti aliinua kipima upepo, akasubiri, akakisoma mara tatu. Kilisema 44. Akaandika, kisha akaja kwangu na kuniambia sikioni, kwa Kiswahili safi, "Bibi, tulikubaliana arobaini." Tukarudi. Treni nazo siku ile hazikupelekwa kileleni, ziliishia chini.

Wapo waliotupita wakiendelea kupanda, na vijana wetu wa kiume waliwaangalia kwa macho ambayo mwalimu yeyote anayafahamu. Sikuwalaumu.

Wiki iliyofuata, bwana mmoja ninayemheshimu, mzazi mwenzetu, alisimama ukumbini akasema maneno ambayo yalinikaa kuliko habari ya pauni 18 za nauli. Alisema kwamba katika nchi hii mtoto wetu akifika nusu huhesabiwa kuwa hakufika. Kwamba yeye alikuja na sanduku moja na akafanya kazi za usiku kwa miaka kumi na moja bila ya kugeuka nyuma. Na kwamba tumewapeleka watoto mlimani kwenda kufundishwa kurudi. Ukumbi ulinyamaza. Nami nilinyamaza, kwa kuwa ndani ya maneno yale mlikuwa na ukweli ambao nimeuona darasani kwa macho yangu. Nimewaona watoto wetu wakifanya kazi mara mbili ya wenzao ili wahesabiwe sawa nao. Mtoto wa namna hiyo akiambiwa "basi, tunarudi", neno hilo halimwingii kama linavyomwingia mtoto ambaye babu yake amezikwa kijiji cha pili.

Hata hivyo sikubaliani naye, na leo nitasema kwa nini. Shule, kazi na ofisi zinazotoa karatasi ni mambo ya watu, na watu wanaweza kushindwa na subira yako, wakaona haya, wakakupa haki yako. Upepo hauoni haya. Haujui umetoka wapi wala umefanya kazi usiku miaka mingapi. Kuupelekea moyo wa ushindani ni kuuheshimu kama mtu, nao si mtu. Aidha, aliyesema "turudi" pale Clogwyn si bibi mzee mwenye magoti mabovu. Alikuwa mtoto wa miaka 14 aliyesimama mbele ya wakubwa, kaka zake wakimkunjia uso, akashika hesabu waliyokubaliana. Mimi nimetafuta uthabiti wa namna hiyo kwa wanafunzi maisha yangu yote, na si kila mwaka niliupata.

Mwaka huu, kwa hiyo, tunakwenda tena, Jumamosi ya tatu ya Juni, baada ya Idi Kubwa kupita. Nieleze mpango.

Saa zote nitakazozitaja ni za Kiswahili. Nasisitiza kwa kuwa watoto waliozaliwa hapa husoma "saa moja" wakaelewa mchana, na katika tangazo la ukutani tumechora na mishale ya saa ili pasiwe na kisingizio. Basi linaondoka saa kumi na mbili asubuhi. Llanberis tunafika kabla ya saa tatu na nusu, tunatawadha, tunahesabiwa, tunaanza. Kutoka mjini hadi kileleni ni zaidi kidogo ya kilomita saba, na mpando wa mita 975 hivi. Mskochi mmoja aitwaye William Naismith aliacha mwaka 1892 kanuni ambayo wapanda milima wanaitumia hadi leo: kwa vipimo vya sasa ni kama saa moja kwa kila kilomita tano, na saa nyingine kwa kila mita mia sita za kupanda. Kwa njia yetu hiyo ni saa tatu na dakika chache kwa mtu mzima mwenye nguvu asiyepumzika. Sisi tuna watoto wa miaka 12 na akina baba wenye vitambi, kwa hiyo tumeongeza saa nzima. Asiyefika Clogwyn kabla ya saa saba mchana hatapanda zaidi. Na ikifika saa nane, hata kama kilele kinaonekana na kimebaki mwendo wa dakika kumi, safu yote inageuka. Watu wengi huumia wakishuka, miguu imechoka na macho yako kwenye basi.

Kipimo cha upepo ni kile kile, maili 40, na tumekiongezea viwili. Utabiri wa asubuhi ukitaja mivumo ya ghafla ya zaidi ya maili 40 kileleni, hatupandi kabisa. Tutatembea kando ya ziwa la Llanberis na kula sambusa zetu pale, na nauli ni ile ile. Na treni zikizuiliwa chini ya kilele kwa sababu ya upepo, nasi tutaishia zilipoishia. Wenye reli wanaujua mlima ule kuliko sisi. Wazazi wasidhani, lakini, kwamba treni itatushusha tukichoka. Nafasi zake hukatwa mapema, wala hazipo kwa ajili ya kuokoa watu. Jengo la kileleni, Hafod Eryri, lililofunguliwa mwaka 2009, nalo hatulitegemei kwa chakula wala kwa hifadhi.

Sasa jambo ambalo najua litaleta mjadala. Nahodha wa safari si mimi, wala si mzee wetu yeyote. Ni binti wa miaka 27, muuguzi, mtoto wa jumuiya yetu, ambaye amefuzu mafunzo ya kuongoza watu milimani na amepanda mlima ule mara nyingi, hata wakati wa theluji. Akisema simameni, tunasimama. Baba mzazi atamsikiliza, na mimi niliyemfundisha kusoma ramani akiwa na miaka 11 nitamsikiliza. Nimeulizwa, kwa upole, kama inafaa wanaume wa makamo kuamrishwa na msichana. Nimejibu kwa ule msemo wetu wa manahodha wengi na chombo kwenda mrama, na nikaongeza kwamba aliye na swali zaidi aje nyumbani tunywe chai kabla ya safari, kwani juu ya mlima hakutakuwa na nafasi ya kuliuliza. Kwenye upepo mkali maneno hayasikiki na akili hufinyika. Uamuzi ambao haukufanywa chini hauwezi kufanywa vizuri juu.

Kuhusu mavazi nitakaa kidogo, hasa kwa mabinti, maana ndiko nilikoulizwa sana. Buibui ni vazi la stara, na juu ya mgongo wa mlima ni tanga. Upepo huliingia kwa chini likajaa, na mvaaji akawa jahazi lisilo na usukani. Stara haipotei kwa kuvaa suruali pana ya mvua, kanzu fupi inayofika magotini, na juu yake koti la mvua kubwa kidogo kuliko mwili. Mtandio wa pini uachwe nyumbani. Uvaliwe ule ulioshonwa, unaoingia kichwani, ncha zake zikachomekwa ndani ya koti, na kofia ya koti juu yake. Suruali za jinzi ni marufuku kwa wote, kwa kuwa pamba ikilowa hukaa na maji na kumnyonya mtu joto. Ndani vaeni sufu au nailoni, na kila mtu awe na sweta ya ziada, glavu na soksi kavu ndani ya mfuko wa plastiki. Sitatazama bei ya viatu, nitatazama nyayo zake. Viatu vya michezo vyenye nyayo laini kama sahani vitarudi basini, na mvaaji pia.

Kila mkubwa atakuwa na ramani ya Ordnance Survey, karatasi OL17, ambayo sentimita nne zake ni kilomita moja, na dira, tochi na filimbi. Simu ni nzuri, ila betri yake huchoka upesi kwa baridi, na mabondeni mawasiliano hukatika. Watoto wameshajifunza kwamba mlio wa filimbi mara sita kwa dakika, kisha kunyamaza dakika moja na kurudia, ni kuomba msaada, na jibu lake ni mara tatu. Wakifika kwenye simu ni 999: unaomba polisi, kisha waokoaji wa milimani. Waokoaji hao ni watu wa kujitolea, hawalipwi. Wanaacha kazi zao na vitanda vyao kumfuata mtu asiyemjua yeyote kati yao. Hiyo nayo ni sababu ya kupanga vizuri.

Adhuhuri inaingia kiasi cha saa saba na dakika ishirini kwa siku hizo, wakati ambao, inshallah, tutakuwa karibu na kilele. Hatutasali kileleni, penye watu wengi na upepo. Tutashuka hadi sehemu ya katikati ya njia, yenye utulivu na nyasi, na kusali hapo jamaa. Habari ya kupunguza na kukusanya sala kwa msafiri nimemwachia sheikh wetu, ambaye anakuja, na ambaye ameniahidi kwamba hotuba itakuwa fupi.

Neno moja juu ya jina. Yr Wyddfa kwa Kiwelshi ni kaburi. Hadithi yao inasema amelala pale jitu, Rhita, aliyekuwa akikusanya ndevu za wafalme na kujifanyia joho. Novemba 2022 mamlaka ya hifadhi ya taifa ya eneo lile iliamua kutumia majina ya Kiwelshi, Yr Wyddfa kwa mlima na Eryri kwa milima yote, badala ya yale ya Kiingereza. Nawataka watoto walitamke ipasavyo, na sisi Waswahili hatuna udhuru: "dd" yao ndiyo "dh" yetu ya dhahabu, na "f" moja husomwa "v". Er-Widhva. Waingereza wengi wanahangaika nalo maisha yao yote. Mwaka jana mwenye duka mmoja wa Llanberis aliposikia watoto wakilisema sawasawa aliwauliza wao wanazungumza lugha gani nyumbani. Watatu walijibu kwa pamoja. Mmoja aliangalia chini, na mama yake anajua nimezungumza naye.

Nafasi ni 28, ishirini za vijana na nane za wakubwa, na hakuna mtoto chini ya miaka 12. Mimi nitapanda hadi nusu ya njia na kungojea hapo na chupa za chai ya tangawizi, pamoja na yeyote atakayeona imemtosha, asiulizwe sababu. Ukaguzi wa viatu na makoti utafanyika ukumbini Jumapili mbili kabla ya safari, baada ya madrasa. Fomu isiyo na sahihi ya mzazi haitapokelewa.

Nimeyaandika haya ya yule binti kwa idhini yake. Alikuja nyumbani wiki iliyopita, amenunua betri mpya ya kipima upepo kwa fedha zake, na akaniuliza kama kazi ya daftari bado ni yake. Baba yake ndiye yule bwana aliyesimama ukumbini. Fomu yao bado haijanifikia. Nafasi nimemwekea.